Uso wa Kuazima

Kanisani Gumbo, lile kanisa la mabati lililo kando ya barabara itokayo Juba kwenda Nimule, kulikuwa na desturi ambayo padre wao, Abuna Cirillo, hakuianzisha na hakuthubutu kuiondoa. Kila Jumapili, mahubiri yakiisha, watu walisimama kuwataja watu wao. Walitangulia wenye wasafiri. Mwenye mume aliyekimbilia Uganda, mwenye binti Khartoum, mwenye mtoto aliyechukuliwa msituni, alisimama akatamka jina moja tu, akaketi. Hao wakiisha palikuwa na kimya kidogo, kisha wakasimama wenye marehemu, nao wakataja ya kwao.

Santina alisimama na wale wa kwanza. Alisema, "Wani," akaketi, akavuta leso yake mpaka magotini kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.

Mwanzoni watu waliitikia vizuri. Lakini vita vya Julai vilikuwa vimepita, mvua zikakatika, Krismasi ikaja ikaenda, na sasa ilikuwa Kwaresima, na Santina bado anasimama na wenye wasafiri. Wanawake waliompenda walianza kutazama chini jina hilo likitajwa. Wasiompenda walitazamana. Watu, bwana, wana haraka sana ya kuzika watoto wa wenzao.

Wani alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ya siku vita vilipoanza, Santina alitoka mapema kwenda kwenye biashara yake, akamwacha amelala. Kijana alipoamka alivuka daraja kwenda mtaa wa Gudele kumsaidia rafiki yake kuezeka nyumba, na mchana risasi zikalia mji mzima. Tangu mchana ule hakuna aliyemwona, mzima wala maiti. Mama yake alimtafuta kila mahali mtu anapoweza kutafutwa: hospitalini, mochwari, kwenye kambi ya wakimbizi iliyozungushiwa nyaya, hata kwa wanajeshi, ambako alifukuzwa kwa kitako cha bunduki. Hakupata mtu, hakupata hata kiatu. Picha nayo hakuwa nayo, maana picha zote za Wani zilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa mfukoni mwa Wani.

Biashara yake ilikuwa mafuta ya lulu, yale mazito ya rangi ya siagi yanayotoka kwenye mbegu za mti wa porini, ambayo Juba nzima hujipaka. Aliyauza kando ya barabara, ameyapanga kwenye chupa juu ya meza, na kikopo chake mwenyewe hakikumtoka mfukoni. Watoto wake wawili, Wani na dadake Kiden, hawakuwahi kutoka nje wamepauka. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha namna ya kupaka. Mtoto huanzwa miguuni, alimwambia, maana miguu ndiyo itakayomkimbiza kabla hujamaliza. Uso ni wa mwisho. Anayeanzwa usoni ni maiti, kwa kuwa huyo haendi popote. Mume wa Santina alipofariki, Santina alimpaka hivyohivyo, paji la uso kwanza, akateremka taratibu hadi nyayo. Waliorudi kutoka kaburini walikuta beseni la maji langoni, wakanawa mikono ndipo wakaingia uani.

Sasa shemeji yake, Mogga, kaka wa marehemu mume wake, alitaka mambo mawili, na yote mawili yalikuwa ya haki. Alitaka Wani awekewe matanga, watu waje walie, beseni liwekwe langoni. Kisha alitaka Santina na Kiden wavuke mpaka wa Nimule waende Uganda kama wenzao, maana Gumbo ilikuwa inazidi kubaki tupu, na Kiden alikuwa msichana wa miaka kumi na minne katika mji uliojaa askari. Lakini mtu hahami akamwacha maiti wake nyuma bila kuliliwa, kwa hiyo matanga yalikuwa lazima yatangulie. Kwa Santina haya hayakuwa mambo mawili. Lilikuwa moja: aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe amekufa. Akakataa katakata. Akija akute mlango umefungwa, alimuuliza Mogga, atamuuliza nani tulikokwenda?

Hapo ndipo Romano alipoingia katika mambo haya.

Romano alikuwa mchoraji. Kwa Juba maana yake ni kwamba alichora vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye kuta za vinyozi, na chupa za soda, na jino moja kubwa la yule mng'oa meno wa sokoni. Lakini alikuwa amejifunza uchoraji Kampala wakati wa ukimbizi, na huko aliambukizwa ugonjwa mmoja: hakuweza kuchora kitu asichokiona. Akitakiwa kuchora kuku, kuku aletwe. Abuna Cirillo alipomwomba amchore Mama wa Mateso, amempakata Mwanawe aliyeshushwa msalabani, picha itundikwe Ijumaa Kuu, alimpa na kalenda ya zamani yenye Mama Maria wa Ulaya ili aige. Romano aliitazama kalenda ile, akaigeuza kifudifudi. Alisema mama yule ana mikono ambayo haijawahi kuteka maji. Yeye atachora mama aliyelia kweli, au aachwe arudi kwa vinyozi wake.

Akawa anakaa kiti cha nyuma kanisani, anatazama nyuso. Jumapili moja Santina aliposimama akasema "Wani", Romano akaacha kutazama wengine.

Kesho yake alimfuata mezani kwake barabarani. Kwa kabila Santina alikuwa Mkuku na Romano Muacholi, kwa hiyo walizungumza kile Kiswahili ambacho kila mmoja alirudi nacho kutoka Uganda. Romano alieleza haja yake. Santina alicheka kwanza. Maria alikuwa msichana mzuri, akamwambia, wewe unamtaka mwanamke mwenye meno mawili mabovu?

"Mama, wasichana wazuri iko mingi," Romano alisema. "Mimi natafuta mama anajua kubeba mtu mwenye hayuko."

Santina akaacha kucheka. Alipanga chupa zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Wewe unaweza chora mtu wewe hapana ona?"

"Hapana, mama."

"Basi utajifunza. Mimi nitakaa kwa picha yako. Na wewe utanichorea Wani, kama vile iko hai. Mimi nasema, wewe unachora. Picha ya yeye mimi hapana iko nayo hata moja."

Romano alikuwa mtu wa msimamo, lakini kuna sauti ambazo msimamo hauzishindi. Akakubali.

Kazi ilifanyika katika chumba cha mafundisho nyuma ya kanisa, jioni baada ya soko, Kiden akiwa ameketi mlangoni na madaftari yake. Turubai lilikuwa turubai kweli, kipande cha hema la msaada kilichonyooshwa kwenye mbao na kupakwa rangi nyeupe. Aliyelala mapajani mahali pa Bwana Yesu alikuwa dereva wa boda aitwaye Albino, aliyekubali kwa sharti kwamba asinyolewe ndevu. Albino alikuwa mzito, na alikuwa na kipaji kimoja: akilazwa tu anakoroma. Simu yake ikilia alijibu palepale, amelala chali amefungwa shuka, akimwambia mteja kwamba kwa sasa amekufa, apige baadaye kidogo. Santina alicheka hadi akajifuta machozi. Kiden alisema kwamba hajamsikia mama yake akicheka vile tangu Julai.

Siku moja Santina alizunguka kuona picha imefikia wapi, akaona visigino vyake. Vilikuwa vimechorwa na nyufa zake zote. Aliona aibu ya kweli. Mwanamke muuza lulu kuchorwa miguu imepauka, si kuwaambia watu wasinunue? Akatoa kikopo ajipake, Romano achore upya. Romano akakataa.

"Sasa Mama Maria atakuwa na miguu hii?" Santina aliuliza.

"Mama, Maria alikimbia vita mpaka Misri na mtoto. Miguu yake ilikuwa namna gani?"

Santina alikuwa amekimbilia Uganda kwa miguu akiwa na mimba ya Wani, akamzaa kambini Adjumani. Alikirudisha kikopo mfukoni, akarudi mahali pake, akaketi.

Albino akishaondoka, ilikuwa zamu ya Wani. Romano alichora kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na Santina alisema. Paji la uso kama langu. Pua ya baba yake. Kovu juu ya nyusi ya kushoto, alipoangukia jiwe la kusagia. Masikio yamesimama kidogo, usiyalaze. Aliisema hata miguu, kwamba kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimempanda mwenzake, na Romano akaichora pembeni. Kila kitu kilikuja, isipokuwa macho. Macho yalikataa. Makubwa mno, sasa madogo. Haya ni ya Mogga. Haya ni ya askari wa daraja. Romano alifuta akachora, akafuta akachora, mpaka karatasi ikatoboka, akachukua nyingine. Jioni moja Santina alimkasirikia, akamwambia aende akachore soda. Lakini hasira ile ilikuwa ya kujificha tu. Kilichokuwa kikimtafuna ni kwamba hakuyakumbuka. Mama gani husahau macho ya mwanawe? Aliogopa kuliko alivyoogopa risasi.

Romano aliweka mkaa chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, alimuuliza tu lile ambalo mchoraji lazima alijue.

"Mama, wewe ulikuwa unamtazama saa gani?"

Santina akafikiri. Mchana kijana hakai. Anazungumza nawe huku ameshageuka, anakwenda. Jioni wewe umeinamia moto, unamsikia bila kumwona. Miaka yote hiyo, wakati aliokuwa akimtazama mwanawe mpaka akashiba ulikuwa ule wa alfajiri, anapotoka kwenda kwenye meza yake, karai kichwani, na Wani amelala kwenye mkeka karibu na mlango, mdomo wazi kidogo. Alisimama hapo kila siku. Hata siku ile alisimama.

"Funga macho," alisema.

Romano akafumba macho yake mwenyewe, kwa kudhani ndiye anayeambiwa.

"Si wewe. Yeye. Mfunge macho."

Romano akachora mistari miwili iliyopinda kidogo, na Wani akawa pale, kwenye karatasi ya saruji, kama asubuhi zote. Kiden alisimama mlangoni, madaftari yakamwanguka. Santina hakupiga yowe. Aliweka kiganja chake chini ya karatasi kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto mchanga, akalia kwa muda mrefu bila sauti. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Romano alitoka nje, akawaacha.

Aliporudi siku iliyofuata alikuja na ombi, na alikuwa na aibu nalo. Mwili wa Albino ulifaa, alisema, lakini uso wake haukufaa. Mama kwenye picha alikuwa anamlilia mtu, na mtu huyo hakuwa Albino. Mtu yeyote angeona. Aliomba aweke uso wa Wani, na miguu yake.

Santina alimwambia aondoke mbele yake. Wani alitakiwa achorwe hai. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Akiwekwa mapajani hapo na majeraha mikononi, atakuwa nini?

Lakini alikwenda nalo nyumbani neno lile, likalala naye. Usiku na mchana alisali rozari yake, na mahali fulani katikati ya Salamu Maria nyingi alizozizungusha vidoleni, alipata wazo, na wazo hilo likamshika. Yule Mama alimpakata mwanawe akiwa maiti, kweli. Lakini siku ya tatu alirudishiwa. Katika wanawake wote waliowahi kupakata watoto wao hivyo, ni yeye peke yake aliyerudishiwa. Ukitaka kuvuka mto, si unamfuata aliyekwisha kuvuka?

Akaenda kanisani, akapiga magoti mbele ya ukuta mtupu ambapo picha ingetundikwa, akaweka nadhiri yake kwa sauti ya kawaida, kama wanawake wanavyopatana sokoni. Alimwambia Maria kwamba anamwazima uso wa mwanawe. Auchukue, alale nao Ijumaa Kuu. Ila Pasaka ikifika, wake akifufuka, na wa Santina arudi nyumbani. Hakudai awe mnono, hakudai awe na kitu mkononi. Hata akija anachechemea, apokewe tu. Kisha akamtafuta Romano, akamwambia amweke.

Mogga alipopata habari alikuja mbio. Wao wawili walizungumza Kibari, lugha ya nyumbani, na Kibari cha Mogga akikasirika kilikuwa kizito. Alimwambia kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Alimwambia kwamba watu wataingia kanisani wamkute mtoto wa ndugu yake amelazwa mfu mbele ya altare, na yeye bado anawakataza wasikae matangani.

"Mke wa ndugu yangu," alisema mwishoni, "umemzika ukutani, halafu unaninyima ruhusa ya kumlilia."

"Sijamzika," Santina alijibu. "Nimemwazima mtu anayejua njia ya kutoka kaburini."

Mogga aligeuka aondoke. Alimtazama Kiden, akatikisa kichwa, akaenda zake. Lakini kabla hajafika barabarani alirudi, akasema atangoja mpaka Pasaka. Jumatatu ya Pasaka gari linaondoka kwenda Nimule, na wao watakuwemo, Wani awepo asiwepo. Santina alisema sawa. Alikuwa na hakika. Alishamfulia Wani shati.

Romano alifanya kazi wiki ile kama mtu mwenye homa. Karatasi ya saruji aliibandika kwenye turubai akaisugua mgongoni ili mkaa uhamie, na ilipobanduliwa ilikuwa imebaki doa jeusi tu. Sura yote ilikuwa imehama. Akaingia na rangi. Hizo zilikuwa rangi za mafuta alizokuwa akizitunza tangu Kampala, akazimalizia hapo. Alimwonya kila mtu asiiguse picha, maana rangi ile hukauka polepole kuliko deni, na ikishika mkono haitoki kwa maji. Santina alilisikia onyo hilo, akafikiri linawahusu watu wenye mikono michafu.

Alhamisi Kuu, jua likianza kupungua makali, alikwenda na Kiden kuona kazi iliyokwisha. Romano alikuwa nje anapigilia misumari kwenye fremu. Aliwaambia waingie.

Picha ilikuwa imesimamishwa chini, imeegemea ukuta. Santina alijiona kwanza, akapita, hakujali. Mapajani mwake alikuwa Wani. Si mfano wa Wani. Lile paji la uso, lile kovu, midomo ile iliyoachana kidogo, na huku karibu na sakafu ile miguu, kidole kimempanda mwenzake. Romano alikuwa amechora kila alichokiona na kila alichoambiwa, na kwa kuwa alijua mtu aliyekufa barabarani anakuwaje, maana alikuwa amewaona, alimpa ngozi yake: kavu, yenye vumbi, imefifia kama jivu. Abuna Cirillo alikuwa amekwisha kuiona asubuhi, akavua kofia.

Santina aliona jambo moja tu. Mtoto wake alikuwa amepauka.

Hakufikiri. Angefikiri angekumbuka onyo. Mkono uliingia mfukoni, ukafungua kikopo, ukachota lulu, akaisugua kati ya viganja mpaka ikalainika, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Adjumani. Kesho watu wote watamtazama, alikuwa akijisemea, hawezi kulala mbele za watu hivi. Akasogea. Miguu ndiyo iliyokuwa karibu, pale chini magotini pake. Akaipita. Akainama, akaweka vidole vyote vinne kwenye paji la uso la mwanawe, akapaka kuelekea masikioni, akateremka, akapitisha kidole gumba juu ya jicho lililofungwa, kisha la pili, taratibu, akashuka shavuni.

"Mama," Kiden alisema.

Santina aliendelea.

"Mama. Umeanza usoni."

Mkono ukasimama. Kiden alikuwa mtoto mdogo baba yao alipofariki, lakini alikuwepo chumbani, aliona, na mambo ya namna ile mtoto hayasahau. Walitazamana, mama na binti. Kisha Santina alitazama mkono wake. Ulikuwa umejaa rangi: kahawia, na jivu, na wekundu kidogo wa mdomo. Akatazama picha. Paji la uso lilikuwa limekwenda. Kovu lilikuwa limekwenda, na macho yale mawili yaliyopatikana kwa shida yote ile yalikuwa waa moja, na chini ya waa hilo palionekana weupe wa turubai la msaada.

Romano alisikia sauti akaingia na nyundo mkononi. Haikuwa sauti ya kilio, alisimulia baadaye, ilikuwa kama ya mtu anayeinua mzigo uliomzidi. Alimkuta Santina amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa wanawake matangani. Kiden amemkumbatia kichwa.

Romano hakumgombeza. Alipiga magoti, akamwambia malesh, mama, si kitu, yeye anamkumbuka yule kijana sasa, uso uko kichwani mwake, atakesha na kesho asubuhi utakuwa umerudi mahali pake. Rangi kidogo ilikuwa imebaki. Alisema mara nyingi kwamba anaweza.

"Wacha," Santina alisema.

"Mama, mimi naweza kumrudisha."

"Wewe hapana weza. Wacha iko hivyo." Alikuwa akiutazama mkono wake, ule ambao hakuna aliyeutuma. Moyo ulikuwa umesema msafiri tangu Julai, na mkono muda wote ulikuwa unajua.

Ijumaa Kuu picha ilitundikwa vile ilivyokuwa. Abuna Cirillo alitaka kuificha, lakini Santina alimwomba. Watu walipanga foleni kuubusu msalaba, na wakifika mbele ya picha walisimama. Mama alikuwa Santina, visigino na vyote, na aliyekuwa mapajani mwake hakuwa na uso. Hakuna aliyemuuliza Romano kwa nini. Wanawake walisimama pale kwa muda, kila mmoja na wake moyoni, na foleni ikawa ndefu mpaka nje barabarani. Albino alilia waziwazi, akawaambia watu kwamba mabega yale ni ya kwake.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa. Aleluya iliimbwa, ngoma zikapigwa, Abuna akahubiri kwa ufupi. Kisha ukafika wakati wa majina. Wakasimama wenye wasafiri. Santina alibaki ameketi. Kimya kilipita juu ya mahali pake, na watu wakajua, hata waliokuwa wameshikilia kutazama mbele. Mogga, upande wa wanaume, aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti yake. Msafiri wa mwisho akatajwa.

Wakasimama wenye marehemu. Santina akajishikilia kwenye bega la Kiden, akasimama. Alifungua mdomo na jina halikutoka. Akajaribu tena. Alikuwa amelitamka jina lile kila Jumapili bila shida, jina fupi, mtoto mchanga analiweza. Kanisa zima lilimngoja, na hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kulisema kabla ya mama.

"Wani," alisema. "Wani wangu."

Safari hii hakuketi haraka. Alisimama akiitazama picha ile, akimtazama Mama ambaye wake alikuwa amefufuka asubuhi hiyohiyo. Hakumlaumu. Alikuwa amemwazima, na cha kuazima hakikurudi; yametokea kwa wanawake wengi kabla yake.

Nyumbani watu walikuwa wamemtangulia. Mogga alikuwa ameweka mikeka uani, na wanawake wa kanisa walianza kuingia mmoja mmoja, mikono kichwani, wakimlilia Wani kwa majina yake yote. Ilijulikana kwamba gari la kesho la kwenda Nimule litawangoja mpaka matanga yaishe. Langoni palikuwa na beseni la maji, na Kiden amesimama karibu nalo na kata mkononi.

Santina alisimama hapo, nje ya ua wake mwenyewe, akanyoosha mikono. Kiden akamimina. Maji yakapita juu ya viganja, yakaanguka kwenye beseni, yakabaki meupe. Kahawia ya shavu la Wani ilikuwa bado kwenye mistari ya kiganja na chini ya kucha, na Kiden alipoona haitoki akataka kukimbia ndani alete sabuni. Mama yake akamwambia asilete. Akakung'uta mikono, akaingia.